Simu imezama Songo Songo: laini itaokoa nini?

Mvuvi wa Songo Songo, kule Kilwa, akidondosha simu baharini, simu inaweza kufa kabisa lakini laini ikapona. Isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, ikauke. Sasa kile kisomeo cha bei poa cha kuchomeka kwenye kompyuta kitamrudishia nini?

Namba za wanunuzi wa samaki, kama alizihifadhi kwenye laini. Laini nyingi hubeba majina 250 hivi na meseji chache. Ila kama anatumia simujanja, huenda majina yalikaa kwenye simu yenyewe au akaunti ya Google, na kisomeo kitaonyesha patupu. Picha na WhatsApp ndiyo usahau.

Hela je? Salio la M-Pesa halikai kwenye laini hata kidogo, liko kwenye kompyuta za kampuni. Aki-renew laini, analikuta.

Kuna programu zinazodai kunakili laini nzima. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba laini za COMP128 zinanakilika kweli. Za sasa ni ngumu: mtandao hutuma namba, laini inapiga hesabu humo humo ndani kwa ufunguo wake wa siri, kisha inatoa jibu tu. Ufunguo wenyewe hautoki.

Na programu ya kubahatisha PIN, usithubutu. Ukikosea mara 3 laini inajifunga; PUK ikikosewa mara 10, hata zile namba za wanunuzi hazitoki tena.