Mtego wa Mende kwa Chupa ya Jamu

Mende mdogo wa jikoni, aitwaye kitaalamu Blattella germanica, amekuwa sugu kwa dawa nyingi za kupuliza, nazo dawa hizo huangukia vyombo tunavyolia. Yafaa basi kumtega.

Chukua chupa ya jamu yenye mdomo mpana. Ivike karatasi kwa nje, mende apate pa kukanyaga. Ndani, chini ya mdomo, paka mafuta ya mgando upana wa vidole viwili, kwani nyayo zake hazishiki juu ya mafuta. Chambo kiwe mkate uliopakwa karanga za kusagwa. Sukari si ya kutegemewa: mwaka 1993 watafiti wa Marekani walieleza kuwa baadhi ya mende hao hurithi tabia ya kuikataa glukosi!

Tega usiku kandokando ya ukuta, maana mende hukimbia vipapasio vikigusa ukuta. Asubuhi watose katika maji ya sabuni, yazibayo matundu yao ya kupumulia. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 hivi; naye atoswe nacho.

Wanafunzi na watege chupa kadhaa, wahesabu kila asubuhi. Palipo na mende wengi, maficho yako karibu. Hapo pazibwe nyufa, kwani mtego peke yake hauwamalizi.