Kwa nini filamu ya pili ya Wakanda iliwateka walioitilia shaka

MWENDELEZO wa filamu iliyovuma huanza safari ukiwa na mzigo. Mtazamaji huenda na kumbukumbu tamu ya filamu ya kwanza, na aghalabu hurejea akilalama kwamba muda na pesa zake zimekwenda bure.

Ndiyo maana wapenzi wengi wa filamu, mimi nikiwa mmoja wao, hawakutarajia makubwa Black Panther: Wakanda Forever ilipoanza kuonyeshwa Novemba 2022.

Filamu ya kwanza, iliyotolewa 2018, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 na kutwaa tuzo tatu za Oscar. Kwa Wakenya ilikuwa na mvuto wa ziada, kwani Lupita Nyong'o aliigiza humo kama Nakia.

Kisha Agosti 28, 2020, Chadwick Boseman, aliyeigiza Mfalme T'Challa, alifariki kutokana na saratani ya utumbo mpana akiwa na umri wa miaka 43. Wengi walijiuliza iwapo hadithi ya shujaa ingeweza kuendelea bila shujaa mwenyewe.

Mwongozaji Ryan Coogler hakumtafuta mwigizaji mwingine wa kuliziba pengo hilo. Filamu inafunguka kwa kifo cha mfalme na mazishi yake, waombolezaji wakiwa wamevalia mavazi meupe.

Hapo ndipo ilipo nguvu yake. Katika filamu nyingi za mashujaa, anayeuawa leo hufufuka kesho. Hii inakubali kwamba marehemu hatarudi, kisha inawafuata waliobaki.

Malkia Ramonda (Angela Bassett) anabeba uchungu wake pamoja na wa taifa. Bintiye Shuri (Letitia Wright) anajizamisha katika kazi za maabara ili asiomboleze. Nakia naye yuko Haiti, mbali na wote. Aliyewahi kubaki katika nyumba ya matanga baada ya wageni kuondoka hahitaji kufafanuliwa haya.

Jambo la pili ni mali. Kiini cha mgogoro ni madini ya vibranium, ambayo mataifa makubwa yanayamezea mate.

Mtazamaji wa Kangeta, katika kaunti ya Meru, ana sababu ya kuitazama sehemu hii kwa makini. Eneo hilo la Igembe hutegemea miraa, na mara kadhaa hatima ya zao hilo imeamuliwa ng'ambo. Uholanzi iliipiga miraa marufuku 2013, Uingereza ikafuata 2014. Soko la Somalia lilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa tena Julai 2022, miezi minne tu kabla ya filamu hii kutoka.

Ni kweli kwamba miraa ilikataliwa ilhali vibranium yanang'ang'aniwa. Hata hivyo, swali ni lile lile: ni nani mwenye usemi kuhusu kinachotoka katika ardhi yako?

Filamu haitoi jibu jepesi. Watu wa Talokan, ufalme wa chini ya bahari unaoongozwa na Namor (Tenoch Huerta), wana madini hayo hayo na hofu hiyo hiyo. Badala ya kuungana na Wakanda, wanaishia kupigana nayo.

Kasoro zipo. Filamu inachukua zaidi ya saa mbili na nusu, na visa vya majasusi wa Marekani vingeweza kupunguzwa bila hasara. Mapato yake, takriban dola milioni 859, hayakufikia ya ile ya kwanza.

Lakini Bassett aliteuliwa kuwania Oscar, naye mbunifu wa mavazi Ruth E. Carter akashinda tuzo hiyo mwaka 2023, na kuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuwa na Oscar mbili.

Mashabiki walitarajia vita na milipuko, navyo walivipata. Kilichowashangaza ni kwamba, katikati ya vishindo hivyo, walionyeshwa watu wanaojifunza kuishi na pengo lisilozibika.