Risiti Zako, Mama, Ziko Wapi?

Ilikuwa siku za mwisho wa Desemba, baada ya ibada, mama mmoja anayeuza dagaa na mchele mjini Musoma alipotujia akiwa na uso wa mashaka. Alikuwa amemaliza kulipa awamu ya nne ya kodi yake, shilingi 25,000. Kwa mwaka mzima alikuwa amelipa shilingi 100,000. Sasa Januari ilikuwa mlangoni, binti yake anakwenda kuanza kidato cha kwanza shule ya bweni, na fedha ya godoro, sanduku na nauli haikutosha.

Tulimwuliza, "Mama, mauzo yako ya mwaka ni kiasi gani?"

Akajibu, "Dada zangu, nitajuaje? Labda milioni tano. Dagaa wanaingia, wanatoka, watoto wanakula humo humo."

Tukamwomba risiti na daftari. Akafungua pochi, akatoa risiti nne. Mbili zilikuwa nyeupe kabisa, wino umekwisha. Daftari hakuwa nalo.

Tukapiga hesabu pamoja naye. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka yamezidi milioni 4 lakini hayajazidi milioni 7, na hatunzi kumbukumbu, hulipa shilingi 100,000. Lakini mwenzake wa kiwango hicho hicho anayetunza kumbukumbu hulipa asilimia 3 tu ya kile kilichozidi milioni 4. Kama kweli mama yetu aliuza milioni 5, basi ziada ni milioni 1, na asilimia 3 yake ni shilingi 30,000. Alilipa 100,000. Tofauti ni shilingi 70,000, yaani godoro, sanduku na nauli ya binti yake. Hakuna mwizi aliyeziiba, wala hakuna aliyemdhulumu. Sheria ilifuatwa. Kilichokosekana ni daftari.

Wapendwa akina mama, tangu siku hiyo umoja wetu wa wanawake umekuwa ukizunguka kati ya Musoma, Bunda na Butiama tukizungumza na akina mama wenye biashara ndogo kuhusu jambo hili moja: kutunza kumbukumbu. Tunasikia pia swali jipya: "Je, zile programu za simu za akili mnemba haziwezi kutufanyia kazi hii?" Jibu letu ni kwamba zinaweza kusaidia sana, lakini haziwezi kuianza kazi wala kuimaliza. Tueleze kwa nini.

Kwanza, elewa kodi inapimwaje

Akina mama wengi wanadhani kila risiti ya manunuzi inapunguza kodi. Kwa mfanyabiashara mdogo aliye kwenye mfumo wa makadirio sivyo ilivyo. Kodi yake hupimwa kwa mauzo, si kwa faida. Kwa hiyo kumbukumbu ya kwanza unayoihitaji ni daftari la mauzo la kila siku.

Je, risiti za matumizi zina kazi gani basi? Zina kazi tatu. Zinathibitisha kwamba daftari lako la mauzo linasema kweli, kwa maana aliyenunua magunia kumi hawezi kuonekana ameuza magunia arobaini. Zinakuonyesha faida yako, maana kuna mama anayeuza kila siku kumbe anakula mtaji. Tena, biashara yako ikikua ikavuka mfumo wa makadirio, kodi itapimwa kwa faida, na hapo kila risiti ya halali ya matumizi ya biashara itahesabiwa. Asiyejizoeza akiwa mdogo atahangaika akiwa mkubwa.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka mitano. Kumbuka pia kwamba viwango hubadilika katika bajeti ya serikali. Kabla ya kupiga hesabu yako, fika ofisi ya Mamlaka ya Mapato iliyo karibu uulize kiwango cha mwaka huu. Kuuliza si kosa. Na namba ya mlipakodi, yaani TIN, hutolewa bure. Anayekudai fedha ili akupatie anakutapeli.

Bunda: risiti zilizofutika

Mjini Bunda tulikutana na mama lishe aliye mwaminifu kabisa. Kila alichonunua alidai risiti, na kila risiti aliitundika kwenye msumari karibu na jiko. Mwisho wa mwaka alitundua furushi zima, akakuta karatasi tupu. Mama huyu alilia machozi.

Hakujua kwamba risiti za mashine ya EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, hazichapwi kwa wino kama gazeti. Karatasi yake hubadilika rangi kwa joto. Kwa hiyo joto la jiko, jua, mafuta ya mikono na hata mifuko ya plastiki huiharibu. Dawa yake ni hii: piga picha ya risiti siku hiyo hiyo uliyoipata. Iweke juu ya meza, mahali penye mwanga wa mchana, bila kivuli cha mkono wako, na pembe zote nne zionekane. Kisha karatasi yenyewe iweke katika bahasha ya karatasi, bahasha moja kwa kila mwezi, mbali na jiko.

Kabla hujaondoka dukani itazame. Je, ina jina na TIN ya muuzaji? Je, tarehe ni ya leo? Je, kiasi ndicho ulicholipa? Risiti ya kweli ina namba ya uhakiki, na unaweza kuihakiki katika tovuti ya Mamlaka ya Mapato, verify.tra.go.tz. Usikubali risiti iliyoandikwa kiasi pungufu eti "tusaidiane". Hapo mnasaidiana kusema uongo.

Butiama: anayenunua kwa asiye na mashine

Huko Butiama akina mama walituuliza swali la haki: "Sisi tunanunua mihogo na mtama kwa mkulima shambani. Yeye atatoa wapi mashine?" Ni kweli. Hata mvuvi anayekuuzia dagaa ziwani, kijana wa bodaboda na mbeba mizigo hawana mashine.

Jibu tulilipata kwa bibi mmoja wa huko huko. Yeye alijifunza kuandika katika madarasa ya kisomo cha watu wazima, yale yaliyopata nguvu baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mkwe wake hununua mihogo, yeye huandika. Kila ununuzi una mstari wake: tarehe, jina la muuzaji, kijiji, debe ngapi, bei, jumla, na sahihi au dole gumba. Daftari lake lilitupendeza kuliko simu zote tulizokuwa nazo. Fanya hivyo nawe, kisha piga picha ya ukurasa. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Huo nao ni ushahidi.

Akili mnemba ni msaidizi wa namna gani?

Akili mnemba tunayoizungumzia hapa ni programu zinazoweza kutazama picha, kusoma maandishi yaliyomo na kuyapanga. ChatGPT ilifunguliwa kwa watu wote Novemba 2022, na baadaye zikafuata nyingine kama Gemini ya Google. Nyingi zina sehemu ya kutumia bure, nazo zinaelewa Kiswahili. Gharama yako ni kifurushi cha intaneti.

Picha zako zikiwa tayari, unaituma picha na kuandika agizo. Sisi tumezoea kuandika hivi: "Soma risiti hii. Nipangie katika jedwali: tarehe, jina la muuzaji, TIN, namba ya risiti, bidhaa, na jumla niliyolipa. Tarehe huanza na siku, kisha mwezi. Usichokiona vizuri usikibuni, andika haisomeki." Maneno hayo ya mwisho usiyasahau kamwe, kwa maana programu hizi zina tabia ya kujaza pengo kwa kubahatisha.

Baada ya hapo unaweza kuiagiza ipange matumizi kwa mafungu: bidhaa za kuuza, usafiri, vifungashio, pango, ushuru wa soko, umeme. Kazi ambayo ingekuchukua jioni nzima inaisha kabla ugali haujaiva.

Mashine ilipotuangusha

Hata hivyo, sikilizeni yaliyotupata. Yule mama wa Musoma alianza upya, akawa mwanafunzi wetu hodari. Mwezi mmoja alituletea risiti zake 23, tukazipitisha katika programu, tukapata jedwali zuri la kupendeza macho. Tulikuwa karibu kulinakili katika daftari lake hivyo lilivyo.

Dada mmoja akasema, "Hebu tulinganishe na karatasi." Tukalinganisha. Risiti ya tarehe 7 Machi ilikuwa imeandikwa Julai 3. Risiti nyingine ilikuwa na shilingi 100,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, na 118,000 pamoja na kodi hiyo ya asilimia 18. Mama alilipa 118,000, lakini mashine ilichukua 100,000. Na kwenye karatasi moja iliyokunjamana, tarakimu mbili za TIN zilizofutika zilikuwa zimejazwa, eti zimesomeka! Makosa matatu katika risiti 23. Tuliona haya, kwa sababu agizo letu la siku hiyo halikuwa na yale maneno ya kuikataza isibuni.

Sisi tuliozoea kazi ya wodini tunajua kwamba dawa aliyopewa mgonjwa bila kuandikwa ni kama haikutolewa, kwa maana mwenzako wa zamu ya usiku hatajua. Lakini tunajua pia kwamba dawa iliyoandikwa vibaya ni hatari zaidi. Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kukuandikia, lakini anayetia sahihi ni wewe, na wewe ndiwe utakayeulizwa. Ichukulie akili mnemba kama mwanafunzi huyo. Ni mwepesi na hachoki, lakini haachwi peke yake. Kila risiti linganisha mambo matatu na karatasi: tarehe, TIN na jumla. Kisha jumlisha mwenyewe kwa kikokotoo.

Siri za watu zisitoke

Ukipiga picha usitume kila kitu. Ukurasa wa wateja wanaodaiwa, wenye majina na namba zao za simu, usiuingize katika programu. Namba yako ya siri ya simu, kitambulisho chako na cheti cha kliniki cha mtoto visionekane pembeni mwa picha. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini hata kabla ya sheria, jirani aliyekopa kilo ya mchele alikuamini kwamba hutamtangaza.

Mfuko wa jikoni na mfuko wa biashara

Kuna jambo ambalo simu haiwezi kulitenganisha usipolitenganisha wewe. Ukinunua sabuni ya nyumbani na mifuko ya kufungia dagaa katika risiti moja, mashine itajuaje ipi ni ya biashara? Omba risiti mbili. Na ukichukua samaki wa biashara kwa chakula cha watoto, andika. Si dhambi kuwalisha watoto wako, lakini mtaji unaoliwa bila kuandikwa huisha kimyakimya, halafu baba wa nyumba anauliza fedha zimekwenda wapi, na amani inatoweka.

Yule mama wa Musoma alituambia kwamba zamani mumewe alimshuku kuwa anatuma fedha kwao kwa siri. Sasa kila Jumamosi jioni hukaa naye mezani, baba anasoma risiti kwa sauti, mama anahakiki jedwali, binti akiwa likizo anapiga hesabu. Shuku zimekwisha. Naye alipokwenda kukadiriwa mwaka uliofuata, alikwenda na daftari lake mkononi.

Tuanze wapi?

Usisubiri mwaka mpya. Leo dai risiti, ipige picha, iweke katika bahasha, na uandike mauzo kabla ya kulala. Jumamosi kaa na simu yako kwa nusu saa, panga na uhakiki. Huna simu ya kupiga picha? Kaeni watano watano katika umoja wenu, mtumie simu ya mmoja, na kila mama abaki na daftari lake. Umeme ukikatika au simu ikiibiwa, daftari litabaki.

Bwana Yesu alitoa mfano wa mwanamke mwenye sarafu kumi aliyepoteza moja. Hakusema zilizobaki zinatosha. Aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii mpaka akaipata, kisha akawaita majirani wafurahi pamoja naye. Mama, taa yako siku hizi ni pamoja na hiyo simu iliyo mkononi. Iwashe, lakini ufagio ushike mwenyewe. Na ukiipata sarafu yako, usifurahi peke yako. Mwite na jirani yako, umfundishe.