Leseni ya bastola: uamuzi wa Marekani haubadilishi sheria ya Kenya

Wakazi wenye jamaa Marekani huenda wamesikia kwamba huko mtu hatakiwi kueleza ni kwa nini anataka kubeba bastola iliyofichwa chini ya koti. Ni kweli, lakini haikuwa hivyo kila mahali. Suala hilo liliamuliwa kortini miaka michache tu iliyopita.

Jimbo la New York lilikuwa na sheria ya leseni za bastola tangu 1911. Aliyetaka kutembea na bastola hadharani alipaswa kuonyesha sababu maalum. Kuogopa wahalifu kama kila mtu hakukutosha. Wanaume wawili waliokosa leseni hiyo walishtaki. Juni 23, 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba sharti hilo lilikiuka katiba, kwa kuwa katiba ya nchi hiyo inataja haki ya raia kumiliki na kubeba silaha. New York ilijibu haraka kwa sheria mpya inayokataza bunduki shuleni, hospitalini na katika magari ya uchukuzi wa umma, nayo pia ikafikishwa kortini. Hata huko haki hiyo ina mipaka: mwaka wa 2024 mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya korti kwa kuhatarisha mwenzi wake anaweza kunyimwa silaha.

Kenya ni tofauti. Katiba ya 2010 haina kifungu kinachompa raia haki ya kuwa na bunduki. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwombaji awe na sababu nzuri, na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha iridhike kwamba kumpa cheti hakutahatarisha usalama wa umma. Yaani sharti linalofanana na lile lililofutwa New York ndilo msingi wa leseni hapa kwetu. Wakili atakayesimama mbele ya jaji wa Kenya akitegemea uamuzi wa Marekani pekee hatafika mbali.

Hilo halimaanishi bodi inaweza kufanya ipendavyo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa njia ya haki na ofisi za umma, na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomwathiri. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inaongeza kwamba lazima apewe notisi ya mapema na nafasi ya kujieleza. Ndiyo maana kesi za leseni nchini haziulizi sana kama mtu ana haki ya kuwa na bastola, bali kama alisikizwa kabla ya kunyang'anywa. Suala hilo liliwagusa wamiliki wote mwishoni mwa 2018, serikali ilipoagiza wahakikiwe upya katika muda wa siku 90.

Mkazi aliyenyimwa cheti, au ambaye cheti chake kimefutwa, asipoteze nauli kuja makao makuu ya kaunti. Leseni za silaha ni kazi ya serikali ya kitaifa, na hakuna afisa wa kaunti wala mwakilishi wa wadi anayeweza kuharakisha au kubadilisha uamuzi huo. Anayedai ada ya kufanya hivyo anatapeli.

La kwanza ni kuomba sababu kwa maandishi na kuhifadhi nakala ya kila barua. Kama ipo njia ya rufaa, itumike kwanza. Kwa kawaida Mahakama Kuu humrudisha aliyeiruka.

Wakati huo wote bastola iwe imesalimishwa kituo cha polisi, na mwenyewe apewe stakabadhi. Kuwasilisha kesi hakumpi mtu ruhusa ya kuendelea kuibeba. Bila amri ya korti ya kusitisha uamuzi huo, anayebaki nayo kiunoni anaweza kushtakiwa kwa kumiliki silaha bila cheti, kosa ambalo adhabu yake ni kifungo.