Flashi inasema imejaa wakati nafasi bado ipo?

Wadau, hii inawakuta wengi kafe. Flashi ya 1GB, ndani kuna nyimbo mia hivi tu, nafasi tele, lakini ukipesti faili jingine kompyuta inagoma. Si lazima iwe virusi, na asije mtu akakwambia uifomati, utapoteza kazi zako bure!

Flashi ndogo za zamani, 2GB kushuka chini, nyingi zinatumia mfumo wa FAT16. Pale mwanzo unapofikia ukiifungua, kabla ya folda yoyote, kwa kawaida kuna mistari 512 tu ya kuandikia majina. Kila faili linakula mstari mmoja, na jina refu linaongeza mmoja kwa kila herufi 13. Sasa wimbo wenye jina la herufi 40 (mnayajua majina ya nyimbo za mtandaoni) unakula mistari 5. Nyimbo 102, kwisha habari.

Dawa: hamishia mbili tatu kwenye kompyuta upate upenyo, tengeneza folda, kisha ingiza zote humo. Folda ya ndani inajiongeza yenyewe hadi mistari 65,536. FAT32 haina hiyo 512, ila faili moja likifika 4GB halipiti.