Fahamu: Kwa nini Afrika ina mkataba wake wa taka za sumu

Mwaka 1988, katika mji wa Koko nchini Nigeria, maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia yaligundulika yamerundikwa uani kwa mkazi mmoja. Kodi aliyolipwa ilikuwa kama dola 100 kwa mwezi. Mia tu!

Mwaka uliofuata ukapitishwa Mkataba wa Basel: taka hatari zisisafirishwe mpaka nchi inayozipokea iridhie. Ila taka za nyuklia zikaachwa nje. Afrika, kwa haki kabisa, ikaona haitoshi. Mkataba wa Bamako wa 1991 unapiga marufuku kuingiza barani taka hatari zote, za nyuklia zikiwemo. Ulianza kutumika 1998.

Hata hivyo, mwaka 2006 taka za meli ya Probo Koala zilimwagwa usiku sehemu mbalimbali za Abidjan, na maelfu ya wakazi wakakimbilia hospitali.