Uongo wa Upendo: Vichekesho vya Familia katika Filamu za Ufilipino

Filamu ya Four Sisters and a Wedding, iliyoongozwa na Cathy Garcia-Molina na kutolewa na kampuni ya Star Cinema mwaka 2013, imejengwa juu ya kisa chepesi: CJ, mtoto pekee wa kiume na kitinda mimba wa familia ya Salazar, anatangaza kwamba atamwoa msichana ambaye hawajajuana siku nyingi, na dada zake wanne, waliokwisha kutawanyika, wanakusanyika kwa mama yao ili waivunje posa hiyo. Teddie anatoka Madrid, Bobbie anatoka New York, Alex anahangaika na kazi ya utengenezaji wa filamu, ilhali Gabbie, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyebaki na mama. Mizaha haikosekani, kwa kuwa hata jina la ukoo wa bibi harusi, Bayag, maana yake kwa Kitagalogi ni korodani.

Kicheko hicho kimeegemea jambo zito. Tangu mwaka 1974, serikali ya Ufilipino ilipotunga sheria ya kazi iliyoweka utaratibu rasmi wa kupeleka wafanyakazi ng'ambo, kuondoka kumekuwa njia ya kawaida ya kulisha familia, na fedha zinazotumwa nyumbani zimevuka dola bilioni 30 za Marekani kwa mwaka. Anayerudi huitwa balikbayan, neno lililoundwa kwa balik, yaani kurudi, na bayan, yaani nchi au mji wa mtu. Jina hilo hilo hupewa maboksi makubwa ya sabuni, nyama ya kopo na nguo ambayo wahamiaji huwatumia jamaa zao. Boksi hufika, lakini aliyelifunga hafiki, na pengo hilo ndilo linalochunguzwa na filamu hizi.

Kama Waswahili walivyo na kifungua mimba na kitinda mimba, Wafilipino wana panganay na bunso, na mdogo hamwiti mkubwa wake kwa jina tupu bali hutanguliza ate kwa dada na kuya kwa kaka. Heshima hiyo ina gharama yake, kwani panganay hutarajiwa kuwabeba wadogo zake. Teddie ndiye panganay. Nyumbani anajulikana kuwa ni mwalimu huko Hispania, kumbe anaishi kwa kazi za uhudumu na utumishi wa ndani, na Bobbie, mdogo wake mwenye cheo kikubwa, ndiye sasa anayetegemewa.

Tukio linalokumbukwa zaidi na watazamaji halichekeshi hata kidogo. Ndugu wako sebuleni na mama yao, hoja ya harusi imesahaulika, na kila mmoja anatoa la moyoni: Teddie anaumbuka kwa kukiri ukweli wa kazi yake, na Bobbie, machozi yakimtiririka, anauliza kwa nini kufanikiwa kwake kumegeuzwa kosa. Hapo mwongozaji amefanya jambo la busara kubwa, kwa sababu hakumtafuta mkosaji. Kilichowatenga watoto hawa si chuki, bali ni kujinyima kule kule kulikokusudiwa kuwaweka pamoja.

Garcia-Molina alilirudia suala hilo mwaka 2017 katika Seven Sundays, ambamo Ronaldo Valdez anaigiza mzee anayeambiwa na daktari kwamba amebakiza wiki saba za kuishi, na watoto wake wanne, wakiongozwa na kaka mkubwa anayeigizwa na Aga Muhlach, wanakubali kuja kwake kila Jumapili licha ya ugomvi wao wa muda mrefu. Baadaye inabainika kwamba daktari alikosea. Mzee anaificha habari hiyo njema na kuendelea kujifanya mgonjwa, akihofia kwamba watoto wakisikia ni mzima, Jumapili itakayofuata atakula peke yake.